Kuchagua kipima umbali cha leza kwa uwindaji wa miombo ya Tabora

Nimesoma nyayo kwenye vitalu vya uwindaji upande wa Sikonge kwa misimu mingi, na kinachoniuma kuliko vyote ni mnyama aliyejeruhiwa kwa sababu mtu alikisia umbali. Ukidhani palahala yuko mita 350 kumbe yuko 400, risasi ya bunduki ya .308 hupita kama sentimita 25 chini ya ulipolenga. Hapo mtafuata damu mpaka jua lizame. Basi ukishapata kibali na kitalu (Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, huko hatuwindi tena), chagua kifaa hivi.

Hatua ya 1: Usiiamini namba ya kwenye boksi. Hizo "mita 1,000" kwa kawaida ni za kitu kinachong'aa, kama kibao cha barabarani. Kifaa hutuma mwale, husubiri urudi, kisha hupiga hesabu ya muda. Manyoya ya mnyama hurudisha mwanga kidogo. Mimi hugawa kwa mbili, na kwenye jua kali la saa saba napunguza tena. Ukitaka kupima mnyama mita 400, tafuta cha 1,000 au zaidi.

Hatua ya 2: Kijaribu kwenye majani kabla hujalipa. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mwale hutanuka kadiri unavyokwenda: wenye upana wa miliradiani 1.5 kwa 0.5 (miliradiani moja ni sentimita 10 kwa kila mita 100), ukifika mita 400 unafunika sentimita 60 kwa 20. Kwenye miombo yetu, ndani ya eneo hilo hakukosi tawi la mtundu au majani makavu, nacho kifaa kitakusomea tawi. Kwa hiyo lazima kiwe na mpangilio wa kusoma kitu cha nyuma kabisa. Mwombe muuzaji mtoke nje, tafuta kichaka chenye ukuta nyuma yake, pima ukuta kupitia kichakani. Kikishindwa kukupa ukuta, kirudishe. Hata kilicho kizuri hukwama wakati mwingine. Ndiyo maana mimi hupima kichuguu kilicho sambamba na mnyama.

Hatua ya 3: Chungulia ndani ya kifaa jioni. Wanyama hutoka kwenda mbugani alfajiri na magharibi, na tarakimu nyeusi hupotea kwenye kivuli. Chukua zenye mwanga mwekundu unaoweza kuupunguza. Ukuzaji wa mara 6 au 7 unatosha.

Hatua ya 4: Usiongeze fedha kwa ajili ya kipimo cha mteremko. Kwenye mwinamo wa nyuzi 30, risasi ya mita 300 hushuka kama ya mita 260, lakini Tabora ni tambarare.

Hatua ya 5: Hakikisha kinasoma mita. Vingi vinavyotoka Marekani huja vikisoma yadi, na yadi 400 ni mita 366 tu. Kama kinatumia betri ya CR2, nunua mbili za akiba mjini, moja ikae mfuko wa shati.