Kupika laga nyumbani Mwanza: maji tunayo, baridi tuitafute

Anayeanza kupika bia nyumbani huambiwa aanze na eli, bia inayochachushwa kwenye joto la wastani, kwa sababu hamira yake inafanya kazi kwenye nyuzi 18 hadi 22 na haina masharti mengi. Ushauri mzuri kwa nchi za baridi. Hapa kwetu mchana joto linapita 27 bila kuuliza, kwa hiyo hata eli itakudai friji. Sasa kama friji utanunua tu, kwa nini usipike laga, ile inayochachushwa kwenye baridi, moja kwa moja? Ndiyo bia ambayo midomo ya Kanda ya Ziwa imeizoea: nyepesi, kavu, ya baridi, inayokwenda na sato wa kukaanga. Tofauti ni kwamba yako itakuwa ya kimea kitupu, wakati laga nyingi za kiwandani huongezewa mahindi au sukari.

Halafu tuna maji. Maji ya ziwa ni laini, hayana madini mengi, na ni maji laini ya namna hiyo aliyotumia Josef Groll mjini Plzeň mwaka 1842 alipopika pilsna ya kwanza, laga ya rangi ya dhahabu. Kinachotukosesha usingizi ni joto, basi.

Vitu vya kuandaa (lita 20)

Kimea cha pilsna kilo 4.2, hopsi (maua ya kutia uchungu na harufu) za Saaz gramu 90, hamira kavu ya laga aina ya W-34/70 pakiti 2 za gramu 11.5, na sukari ya kawaida gramu 120 ya kuwekea chupani. Hivi vya kwanza vitatu utaviagiza. Hopsi zikifika ziweke kwenye friza.

Vyombo: sufuria la lita 40, ndoo mbili za lita 30 zenye kifuniko kinachobana, kipimajoto, haidromita (ya kupimia sukari iliyobaki kwenye bia), mpira wa kuhamishia bia, mashine ya mkono ya kufungia vizibo, na friza ya mtumba ya kulala yenye kidhibiti joto cha kidijitali. Pesa yako iende kwenye hicho kidhibiti kabla ya kitu kingine chochote. Utahitaji pia mfuko mkubwa wa kitambaa cha wavu. Shona wa pazia jipya ulilolifua, kamwe usikate chandarua, maana kina dawa ya mbu.

Hatua ya 1: Maji

Kinga lita 30 jioni ya kuamkia siku ya kupika, uache wazi usiku kucha. Maji ya bomba yana klorini, nayo ikikutana na kimea bia inanukia plasta ya hospitali. Ukiwa na haraka, yachemshe kwanza.

Hatua ya 2: Kuloweka kimea

Mashine ya kusaga nafaka inatosha, ila msimamie fundi akuvunjie chenga tu. Akikupa unga, maji hayatachuja.

Pasha lita 18 hadi nyuzi 70, tumbukiza mfuko, mimina kimea huku unakoroga ili madonge yasibaki. Joto litashuka hadi kama 66. Funika, zungushia blanketi, acha saa nzima. Vimeng'enya vya kimea vitageuza wanga kuwa sukari. Kuhakikisha, weka tone la maji hayo kwenye kisahani cheupe, dondoshea ayodini ya duka la dawa. Ikigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo, ongeza dakika 15. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, inua mfuko, usuuze kwa lita 10 za nyuzi 75. Machicha wape nguruwe au kuku wa jirani.

Hatua ya 3: Kuchemsha

Chemsha dakika 90, bila mfuniko. Mwanza tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo dakika 60 za vitabuni mimi siziamini. Kimea cha pilsna kina kitu kinachonukia mahindi ya kuchemsha, na lazima kitoke na mvuke. Ukifunika, kinarudi ndani.

Simama hapo hapo mchemko unapoanza. Povu la rangi ya kahawia linapanda ghafla, linavimba hadi ukingoni, na sekunde chache tu zinatosha kuzima jiko na kunatisha sakafu yote. Punguza moto, nyunyizia maji ya baridi kidogo, litashuka. Zikibaki dakika 60 tia hopsi gramu 60. Zikibaki dakika 10 tia 30 zilizosalia.

Hatua ya 4: Kupoza

Maji ya bomba hayatakufikisha mbali. Nunua barafu, ile ile ya wafanyabiashara wa samaki Mwaloni Kirumba, uipange kwenye beseni kuzunguka sufuria. Nje ya sufuria tu, ndani isiingie hata kipande. Ikifika 25, hamishia kwenye ndoo uliyoisafisha kwa Jik isiyo na manukato (kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, dakika 20) na kuisuuza kwa maji yaliyochemshwa. Funika, weka kwenye friza hadi ifike 11.

Hatua ya 5: Hamira na baridi

Tikisa ndoo kwa nguvu dakika kadhaa iingie hewa, kisha mwaga pakiti zote mbili. Kwenye kifuniko pitisha mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa ya maji ili gesi itoke. Kihisio cha kidhibiti kibandike ubavuni mwa ndoo, ukifunike kwa kipande cha godoro, kisije kikapima hewa ya friza. Bia inayochacha hutoa joto lake yenyewe. Weka 11 au 12.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Lita 20 hushikilia baridi kwa saa nyingi, hasa ukiwa umepanga pembeni chupa za maji yaliyoganda.

Hatua ya 6: Kipimo cha siagi

Baada ya wiki hivi haidromita itakuwa imeshuka kutoka 1.046 hadi kama 1.015. Pandisha joto hadi 17, acha siku 3. Kisha chota bia kidogo kwenye glasi, ifunike, isimamishe kwenye maji ya moto dakika 15, ufunue na kunusa. Ikinukia siagi au karameli, hamira haijamaliza kusafisha, mpe siku 2 zaidi. Usiipoze kabla harufu hiyo haijaisha, haitatoka tena.

Hatua ya 7: Kulaza

Hamishia ndoo ya pili, shusha nyuzi 2 kila siku hadi 2, ulaze wiki 4. Rafiki zako watauliza. Waambie bado.

Hatua ya 8: Chupa

Tumia chupa za kahawia. Kwenye chupa nyeupe bia huharibiwa na mwanga. Yeyusha sukari kwenye maji yaliyochemshwa, changanya taratibu bila kutia povu, jaza, funga. Haidromita iwe imesimama pale pale, karibu 1.010, siku 3 mfululizo kabla hujafunga kizibo, la sivyo chupa zitapasuka. Wiki 2 nje kwenye kivuli, kisha kwenye friji.

Tope jeupe lililobaki chini ya ndoo ya kwanza ni hamira hai. Lihifadhi kwenye chupa safi ya kioo, kifuniko kimelegezwa, ndani ya friji. Likitumika kabla ya wiki 2 kwisha, litakuokolea pakiti mbili za mpiko unaofuata.