Mambo ya kuzingatia kabla ya kutembea kwa miguu Pwani ya Amalfi

Ukipokea ratiba ya likizo ya kutembea bila kiongozi katika Pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, jicho hukimbilia kwenye kilomita. Saba leo, tisa kesho, sita keshokutwa. Unajiambia hiyo ni kazi ya asubuhi tu. Usianze na kilomita. Tafuta palipoandikwa mita za kupanda, mita za kushuka na idadi ya ngazi. Milima ya Lattari inateremka moja kwa moja hadi baharini, na kwa karne nyingi wenyeji waliunganisha vijiji vyao kwa ngazi za mawe. Barabara ya magari iliyochongwa kando ya bahari ilikuja baadaye sana, katika karne ya 19. Kutoka kijiji cha Nocelle hadi barabara hiyo, karibu na Positano, kuna ngazi zaidi ya 1,500 za kushuka, na unazifikia ukiwa umeshatembea saa kadhaa kwenye Sentiero degli Dei, yaani Njia ya Miungu. Hapo ndipo magoti ya watu wazima wenye afya zao huanza kutetemeka.

Kwa hiyo maandalizi yaanze miezi miwili kabla, na yawe ya ngazi. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Doha hana milima karibu, lakini maghorofa yapo. Panda na ushuke mara kadhaa kwa wiki ukiwa na begi lilelile utakalolibeba huko, likiwa na maji ndani. Wengi hupanda kwa miguu kisha wakashuka kwa lifti, wakidhani kupanda ndiko kugumu. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi hurudi ukikaa dakika tano. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja na magoti, na maumivu yake hufika siku ya pili, wakati bado una siku nne za safari. Aliye karibu na Ngong, Uluguru au Usambara aitumie nafasi hiyo kila wikiendi.

Ngazi zenyewe hazilingani. Moja ina kimo cha kiganja, inayofuata inafika nusu ya muundi, na katikati jiwe limelainishwa na nyayo za watu na kwato za baghala, wale chotara wa punda na farasi ambao bado hubebeshwa saruji na mchanga hadi kwenye nyumba zisizofikiwa na gari. Mvua ikinyesha kidogo tu, jiwe hilo linateleza. Viatu viwe na soli yenye meno, na uwe umevivaa vya kutosha nyumbani hadi mguu umevizoea. Fimbo mbili za kutembelea, zile zinazokunjwa, si za wazee peke yao. Kwenye mteremko wa Nocelle zinayapunguzia magoti kazi kubwa.

Likizo ya aina hii haina kiongozi wa kutembea nawe. Kampuni inakukatia hoteli, inakupa ramani na maelezo ya njia, na inahamisha sanduku lako kutoka hoteli moja hadi nyingine. Njia unaitafuta mwenyewe. Kabla hujalipa, uliza maswali mawili. Sanduku litafikishwa hadi mlangoni, au litaachwa barabarani? Na kutoka kituo cha basi hadi mapokezi kuna ngazi ngapi? Hoteli inaweza kutangazwa kuwa iko mita chache kutoka kituoni, na mita hizo zikawa zinaelekea juu. Kwa maoni yangu, Minori, Praiano au Bomerano panafaa kulala kuliko Positano: bei ni za chini, usiku kuna utulivu, na asubuhi uko karibu na njia.

Suala la viza limalizwe mapema. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari ni lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Usisubiri mwisho huo, maana miadi ya msimu wa kiangazi hujaa. Anayeishi Dubai au Muscat kwa kibali halali anaomba huko huko anakoishi. Kuhusu bima, isome hadi mwisho: zipo zinazokataa kulipia ajali iliyotokea kwenye njia za milimani, na hiyo ndiyo ajali pekee unayoiwekea bima hii.

Majira mazuri ni Aprili na Mei, kisha katikati ya Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, na njia nyingi za juu hazina kivuli. Wakati wa baridi boti za abiria husimama na hoteli nyingi hufungwa. Angalia pia sikukuu: Pasaka, Aprili 25, Mei 1, Juni 2 na Agosti 15, siku ambazo Waitaliano wenyewe hujaa pwani na mabasi hayana pa kuweka mguu.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tuna mazoea moja ya kuangalia sana. Mwanga kwetu ni ule ule mwaka mzima, na hatuna sababu ya kuuhesabu. Huko, mwezi Juni jua linazama baada ya saa mbili usiku, lakini saa zinaporudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Ukitoka hotelini saa tano asubuhi siku ya namna hiyo, giza litakukuta kwenye ngazi. Weka tochi ya kichwani katika begi hata kama hukusudii kuitumia.

Mvua ya vuli huko ina historia ya kusikitisha. Usiku wa kuamkia Oktoba 26, 1954, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 300 Salerno, Vietri na miji ya jirani. Septemba 2010 mto unaopita chini ya barabara kuu ya Atrani ulifumuka na kuchukua maisha ya mtu. Mabonde ni mafupi na yana mteremko mkali, kwa hiyo maji yakinyesha milimani yanafika chini kwa muda mfupi. Mamlaka ya mkoa hutoa tahadhari kwa rangi: njano, machungwa, nyekundu. Muombe mtu wa hoteli akuangalizie kila jioni. Ikiwa ni machungwa au nyekundu, usiingie Valle delle Ferriere, bonde lile zuri lenye magofu ya viwanda vya karatasi juu ya Amalfi. Siku hiyo kaa mjini.

Ratiba ikikuruhusu kupanga, anza na njia ya malimau kati ya Maiori na Minori, ambayo ni fupi na itayapima magoti yako. Utapita katikati ya matuta ya sfusato, limau refu lenye ganda nene, linaloning'inia chini ya chanja za miti ya chestnut. Kuta zinazoshikilia matuta hayo zimepangwa kwa mawe bila saruji, ufundi ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2018. Jiwe moja likichomoka, ukuta mzima huweza kufuata. Usikae juu yake, usipande, na usichume malimau; hilo ni shamba la mtu. Mji wa Ravello uje siku inayofuata, kisha Njia ya Miungu ukiwa miguu imezoea. Ianzie Bomerano, kwa kuwa kuko juu zaidi ya Nocelle na unatembea ukikielekea kisiwa cha Capri. Alama ni rangi nyekundu na nyeupe, namba 327. Haihitaji kamba, lakini kuna sehemu nyembamba zenye korongo pembeni. Anayepata kizunguzungu akiwa juu ajue mapema. Uwe njiani saa mbili asubuhi, kabla vikundi havijafika.

Tiketi ya basi nunua mapema kwenye tabacchi, yaani duka la tumbaku, lenye alama ya T. Panda pale basi linapoanzia, kwani katikati ya njia mara nyingi linapita likiwa limejaa. Boti zikiwepo zitumie, ila bahari ikichafuka hazitoki, hivyo usiitegemee boti siku ya ndege yako. Weka akiba ya siku moja.

Maji, beba lita mbili. Mabomba ya umma yapo vijijini. Palipoandikwa non potabile usinywe. Jiko la mgahawa hufungwa baada ya chakula cha mchana na kufunguliwa tena mnamo saa moja jioni, kwa hiyo nunua mkate na matunda asubuhi. Muislamu aulize hata kuhusu vitu vya unga: sugna ni mafuta ya nguruwe, na huingia kwenye taralli, vile vipete vikavu vya unga, na baadhi ya sfogliatelle, keki za matabaka. Ukisema senza maiale, wataelewa huli nguruwe. Samaki ni salama zaidi, hasa dagaa wa mji wa Cetara, ukishahakikisha hawakupikwa kwa mvinyo.

Kila asubuhi mwambie mtu wa mapokezi njia unayopita na saa unayotarajia kurudi. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka, maana mtandao hukatika mabondeni, na beba ile ya karatasi pia. Namba ya dharura ni 112, haitozwi pesa. Ukipiga, taja namba ya njia na kijiji cha mwisho ulichopita.