Kuutunza Moyo Baada ya Kisukari cha Mimba

Mama aliyepata kisukari cha mimba mara nyingi huambiwa, akishajifungua, kwamba sukari imeshuka na ugonjwa umekwisha. Sukari kushuka ni kweli, lakini hatari yake ya kupata maradhi ya moyo na mishipa ya damu ni takriban mara mbili ya ile ya mwanamke asiyewahi kuugua hivyo, na hubaki juu hata kama kisukari hakitarudi tena, ingawa si kwa kiasi hicho.

Anza kwa kuihifadhi kadi yako ya kliniki pamoja na ya mtoto, kwa sababu miaka 10 baadaye daktari atakayekupima hatajua habari ya ujauzito ule usipomweleza.

Mtoto anapopelekwa chanjo ya wiki ya 6, omba nawe upimwe. Nenda bila kula chochote wala kunywa hata chai: utapimwa sukari, utakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha utapimwa tena baada ya saa mbili. Kipimo kikifika 7.0 mmol/L (kizio cha sukari katika damu) kabla ya kunywa, au 11.1 baada ya saa mbili, hicho ni kiwango cha kisukari. Majibu yakiwa mazuri, rudia kipimo kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18 iwe siku yako ya kupima presha pia. Ikifika 140/90, usiondoke bila kumwona mganga.

Jikoni, kwetu Kigoma, jambo kubwa ni mawese. Takriban nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) katika damu, kwa hiyo usiyamimine sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye chupa, bali yapime kwa kijiko. Mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) uliochemshwa kwa nyanya na ndimu hauhitaji mengi. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waloweke, wasuuze, kisha uonje mchuzi kabla ya kuongeza chumvi, maana kijiko kimoja cha chai ndicho kikomo cha mtu mmoja kwa siku nzima. Punguza tonge la ugali wa muhogo, ongeza maharage na mboga.

Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kunyonyesha nako hupunguza hatari ya kisukari.

Ukipanga kubeba mimba nyingine, pima sukari kwanza.