Somo: Kuitambua derinja kuukuu iliyoachwa na wazee

Bastola hizi ndogo za mfukoni huwachanganya watu kwa sababu moja: wakishaishika tu, wanakimbilia kusoma maandishi. Maandishi ndiyo yanayodanganya kuliko kitu kingine chochote kwenye derinja. Anza na jinsi inavyofanya kazi, jina lije mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha haina kitu ndani
Baruti nyeusi ikikaa kavu haifi kwa uzee. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio. Kama mtutu haufunguki, usisimame mbele yake: ukiwa pembeni, ingiza kijiti chembamba cha mbao taratibu mpaka kigote, kitie alama usawa wa mdomo, kisha kitoe ukilaze juu ya mtutu kwa nje. Kikifika karibu na pale nyundo inapogonga, ni mtupu. Kikiishia mbali na hapo, kuna risasi au uchafu. Usichokonoe, muite fundi wa silaha.

Hatua ya 2: Tazama inajazwaje
Hapa ndipo penye kazi. Mtutu mmoja usiofunguka, na nyundo inayogonga kijinundu chenye tundu cha kuvalishia fataki (kikofia kidogo cha kuwashia baruti), ni mtindo wa Henry Deringer wa Philadelphia. Ya namna hii ndiyo iliyomuua Rais Lincoln mwaka 1865.

Mitutu miwili iliyopandana, yenye bawaba juu na kiwiko cha kufungulia upande wa kulia, ni umbo la kampuni ya Remington lililobuniwa na William Elliot. Ilitengenezwa tangu 1866 hadi 1935, takriban 150,000, kwa risasi za kaliba .41. Chunguza masikio ya bawaba: mara nyingi yana ufa.

Mtutu mmoja unaozunguka kwenda pembeni? Fikiria kampuni ya Colt. Mitutu minne inayosogezwa mbele kwa pamoja? Ya mtengenezaji Sharps, au mojawapo ya nakala zake.

Hatua ya 3: Fufua maandishi yaliyofutika
Zima taa ya chumba, washa tochi ukiilaza karibu kabisa na chuma. Herufi zilizolika hutoa kivuli upande mmoja. Piga picha kadhaa, kila moja tochi ikitokea upande mwingine, kisha weka karatasi nyembamba juu na upake penseli. Msasa na dawa za kung'arishia usiziguse kabisa: ile rangi ya kahawia ni sehemu ya thamani yake, na herufi hufutika nayo.

Kwenye Remington, "E. REMINGTON & SONS" ni ya kabla ya kampuni kuuzwa mwaka 1888. Ukiona "U.M.C." (Union Metallic Cartridge, kampuni ya risasi iliyounganishwa na Remington), ni ya karne ya 20. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya kwamba silaha ilijaribiwa uimara wake huko Liège, Ubelgiji, hata kama jina lililopigwa juu ni la Kimarekani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, yangu imeandikwa DERINGER na mtutu haufunguki. Si ndiyo halisi hiyo?
Jibu: Bado, ndugu yangu. Waigaji walimwiga hadi muhuri, na wengine walitumia jina la fundi cherehani aliyeitwa John Deringer ili wapige "J. DERINGER" bila kushtakiwa. Ya Henry huandikwa DERINGER, chini yake PHILADELA. Linganisha pia nakshi na ubora wa kitako.

Swali: Chini ya kitako nimekuta namba 47. Ndiyo kusema ni ya 47 kutengenezwa?
Jibu: Hapana. Namba fupi ya namna hiyo kwa kawaida ni ya kiwandani, ya kulinganisha vipande vya bastola moja. Tazama kama imerudiwa kwenye mtutu. Zikitofautiana, huenda kipande kimoja kilibadilishwa.

Swali: Babu alikuwa akisema inafyatua vizuri tu. Naweza kuijaribu mara moja?
Jibu: Usithubutu, dada. Chuma cha zamani ni laini, na bawaba yenye ufa usioonekana inaweza kuachia usoni mwako. Kabla hujaibeba kwenda kwa mthamini, uliza polisi sheria ya kwenu inasemaje, maana kuna nchi ambako hata silaha mbovu inahitaji kibali.

Swali: Na kutu je, niiache hivyo hivyo?
Jibu: Ile nyekundu inayochafua kidole, ipake mafuta mepesi ya mashine, iache usiku kucha, ufute kwa kitambaa laini. Ile nyeusi iliyotulia iache.