SOMO: Kuchagua begi la mgongoni la kati, la mlimani na la safari (someni kabla ya kuuliza)

Assalaam aleikum wanakikundi. Wiki hii nimeulizwa mara sita "nichukue begi la lita ngapi?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa ujumbe, na juzi nimejibu gatini hapa Lamu nikisubiri boti ya Mokowe huku mwenzangu akishikilia mzigo wangu. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nazungumzia begi la kati, yaani lita 30 hadi 45. Dogo kuliko hilo ni la shule au la kutwa. Kubwa kuliko hilo ni la anayebeba hema, jiko na chakula chake mwenyewe. Hili la kati ndilo la kupanda nalo basi kwenda Nairobi, kushinda nalo Mlima Longonot, na kulala nalo siku nne Mlima Kenya ikiwa wapagazi wamechukua hema na chakula.

HATUA YA 1. Andika safari tatu za mwisho ulizokwenda kweli. Begi ni la safari hizo.

HATUA YA 2. Lita. Ukilala hotelini na kwenda kwenye joto, 30 hadi 35 zinatosha. Ukibeba mfuko wa kulalia na nguo za baridi, 38 hadi 45. Watu wa pwani hapa hukosea, maana sisi hupima begi kwa kikoi, shati mbili na kanzu ya Ijumaa. Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya wanachopanda wengi, ni mita 4,985, na alfajiri maji ya chupa huganda. Koti la baridi, suruali ya pili, glavu na soksi nzito vinajaza nusu ya begi kabla hujatia chakula.

HATUA YA 3. Urefu wa mgongo. Msiiruke hii.

Begi langu la kwanza la maana nililipata mitumbani Mombasa. Lita 45, zima kabisa, limeandikwa L. Mimi ni mrefu, nikaona L ni yangu. Nililijaribu tupu, nikajitazama kwenye kioo, nikalipa. Siku ya pili ya njia ya Sirimon, Mlima Kenya, kutoka kambi ya Old Moses (mita 3,300) kwenda kambi ya Shipton's (mita 4,200), ndipo nilipojua nimenunua nini. Urefu wangu wote uko miguuni, mgongo wangu ni mfupi. Nikiukaza mkanda wa kiunoni mahali pake, mikanda ya mabega inaelea juu na mzigo unanivuta nyuma. Nikiivuta ya mabega ikae, ule wa kiunoni unateremka hadi kwenye mapaja na kunichubua kila hatua. Tulipoingia bonde la Mackinder vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi. Mwenzangu alinitolea kilo nne akaweka kwenye begi lake. Nilifika kambini, lakini usiku wenzangu walipoamka kupanda Lenana mimi sikuweza kuinua mikono. Nilibaki ndani ya mfuko wa kulalia nikisikia viatu vyao vikiondoka. Miezi minane ya kuweka akiba iliishia pale.

Kwa hivyo pima hivi. Inamisha kichwa, upapase chini ya shingo nyuma: kuna mfupa unaochomoza kuliko mingine. Hapo ndipo mwanzo. Kisha shika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, mikono imekaa juu ya mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba ndio mwisho. Mtu mwingine apime kwa futi ya fundi cherehani, akifuata mpindo wa mgongo. Mimi ni sentimita 44, na lile begi lilishonewa mtu wa 50 na zaidi.

Kwa makampuni mengi, S ni kama 40 hadi 45, M ni 45 hadi 50, L ni kuanzia hapo, lakini kila kampuni ina vipimo vyake. Tazameni namba yenyewe, siyo herufi. Na tahadhari hizi:
- Usijipime mwenyewe. Ukipinda kushika futi, mgongo unabadilika.
- Urefu wako wa kusimama hautoshi kukuambia urefu wa mgongo.
- Lita na mgongo ni mambo mawili. Lita 40 ile ile hushonwa kwa migongo mitatu tofauti.
- Ukipata begi ambalo mgongo wake hupandishwa na kushushwa, chukua hilo, hasa kama mtaazimana nyumbani.

HATUA YA 4. Lijaribu likiwa na mzigo. Begi tupu humkaa kila mtu. Tia pakiti nne za unga za kilo mbili, hizo ni kilo nane. Dukani hawana unga? Omba chupa za maji, lita moja ni kilo moja. Kisha funga kwa mpango huu: mkanda wa kiunoni kwanza, ukumbatie mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Halafu mabega. Halafu vile vikanda vidogo vinavyotoka begani kwenda juu ya begi, vuta kidogo tu. Kifua mwisho. Sasa pitisha vidole chini ya mkanda wa bega: ukikaa mwepesi, nyonga zimepokea mzigo. Mabega yashikilie begi lisiyumbe, kubeba ni kazi ya nyonga. Ukishalinunua, tembea nalo na unga wake kutoka mjini hadi Shela na kurudi, kabla hujakata tikiti ya popote.

HATUA YA 5. Mdomo wa begi. Linalofunguka mbele kama sanduku ni zuri kwa safari, la juu ni zuri kwa mlima. Uchaguzi wako.

HATUA YA 6. Zipu na chumvi. Wanaoandika masomo haya bara hawaligusi jambo hili. Hewa yetu hula chuma. Epuka zipu ya meno ya chuma, tafuta ya nailoni, na klipu ziwe za plastiki nene. Hata zipu ya nailoni, kile kichwa chake ni chuma, na kinakwama kikiachwa na chumvi. Ukirudi kutoka baharini, suuza zipu zote kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, uanike kivulini. Jua kali hudhoofisha nailoni.

HATUA YA 7. Maji. Lile koti la mvua la begi halifuniki upande wa mgongoni, na maji ya mashua hayatoki juu, yanatoka chini. Tia vitu ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliokunjwa mdomo mara tatu, ndani ya begi. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwenye mbuga na hifadhi. Nunueni mfuko wa kudumu na chupa ya kudumu, mmalize.

HATUA YA 8. Uzito wa begi lenyewe usipite kilo mbili. Ndege ndogo za Manda (uwanja wetu wa Lamu) kwenda Wilson, Nairobi, kwa kawaida hukupa kilo 15 na hutaka begi laini. Soma tikiti yako.

MASWALI

Mpwani254: Mkuu asante kwa somo refu. Sasa kwa kifupi, lita ngapi?

Jibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Mambrui: Mimi nina futi sita na inchi moja. L itanitosha, sivyo?

Jibu: Kaka, hatua ya 3 nzima nimeiandika kwa sababu mimi mwenyewe niliuliza hivyo hivyo na nikajijibu vibaya. Tafuta mtu akupime, urudi na sentimita.

Mtu wa Soko: Haya yote ni ya kuwafanya watu wanunue vitu ghali. Babu zetu walibeba makanda na magunia na walifika.

Jibu: Sikutaja bei hata mahali pamoja, na langu lilikuwa la mitumba. Begi la bei ndogo linalolingana na mgongo wako ni bora kuliko la bei kubwa lisilolingana. Hao babu zetu nao walikuwa na mzegazega, mzigo umegawanywa mbele na nyuma ili bega lisifinywe. Walijua mzigo ukae wapi. Ndilo ninalolisema.

Binti Malindi: Shukran sana kaka, nimesoma mara mbili. Nimepimwa na mamangu, nimepata 41. Nina maswali mawili. Mabegi ya kike yana tofauti ya kweli au ni rangi tu? Na pili, mimi husafiri na buibui, mkanda wa kiunoni unateleza kila nikitembea. Nifanyeje? Kikundi chetu kinaanza na korongo la Marafa kwa mazoezi, halafu Mlima Kenya Disemba.

Jibu: Dada, maswali mazuri. Tofauti ipo. La kike urefu wa mgongo wake huanzia sentimita chache zaidi, mikanda ya mabega imekaribiana na imepinda ili isibane kifua, na mkanda wa kiunoni umeinama kufuata nyonga. Mwanamume mwembamba mwenye mabega madogo pia linaweza kumfaa, asiogope. Kwa mgongo wa 41 anza huko kutafuta. Kuhusu buibui, kitambaa chake ni laini na mkanda hauna pa kushika. Hapa nawaachia wenye uzoefu kuliko mimi.

Mama Safari: Nijibu hilo. Kwenye basi vaa buibui lako, begi liko kwenye buti halikuhusu. Njiani mimi huvaa dera fupi la pamba linalofika magotini, suruali pana chini, na mtandio mwepesi. Pamba haitelezi. Lakini mlimani juu usivae pamba, ikilowa haikauki na baridi itakuingia. Huko vaa kanzu ndefu ya nailoni ya michezo, na mkanda ukae juu yake. Na mtandio uingize ndani ya koti kabla ya kuvaa begi, ukibanwa na mkanda wa bega utakuvuta shingo siku nzima.

Jibu: Shukran Mama Safari. Hilo sikulijua.

Fundi Zipu: Ongeza kwenye mitumba: geuza ndani nje. Ukiona unga mweupe au magamba, au panashikana kama gundi, ile rangi ya ndani inayozuia maji imekwisha. Joto na unyevu wa pwani huimaliza haraka, hasa begi likifungiwa kabatini.

Jibu: Kweli kabisa. Linaweza kusuguliwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi ngumu hadi magamba yatoke. Kitambaa kitabaki kizima ila hakitazuia maji, basi utegemee mfuko wa hatua ya 7. Omba bei ipunguzwe.

Mpwani254: Na kwa Kilimanjaro? Lita ngapi?

Jibu: Kilimanjaro mzigo mkubwa unabebwa na mpagazi, na kikomo chake ni kilo 20, kwa hivyo usimjazie. Wewe mgongoni una maji, koti na chakula cha mchana, lita 30 inatosha. Na hili nalo liko hatua ya 2, ndugu yangu, ukisoma.

Nahodha: Somo zuri, lakini umesahau jambo na wewe ni mtu wa Lamu. Ukipanda au kushuka chomboni, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifua kabla hujainua mguu. Legeza mabega. Ukiteleza kati ya gati na boti na begi limefungwa, litakuzamisha. Nimemvuta mtu kwa namna hiyo Mokowe, alikuwa anajua kuogelea na hakuweza kulivua. Na begi usiliweke chini penye maji ya ngama, yale yanayojikusanya sakafuni mwa chombo, liweke juu ya mbao, ulifunge kamba.

Jibu: Nahodha, nimekosa kuliandika na nakiri. Nimefunga mkanda nikipanda boti miaka yote hii. Wote someni maneno ya Nahodha mara mbili. Nitayaongeza kama hatua ya 9.

Kijana wa Mambrui: Nimepimwa. 46. Na futi zangu sita zote!

Jibu: Basi ni M, kaka. Nimefurahi umepima.

Nahodha: Na wenye kutumia punda, mabegi mawili yalingane uzito, moja kila upande. Mkimtwisha upande mmoja anaumia mgongo kama mlivyoumia nyinyi.

Binti Malindi: Kaka narudi. Nimetembea na unga kilo nane jana jioni, kutoka nyumbani hadi nguzo ya Vasco da Gama na kurudi. Begi nililoazima kwa kakangu linanigonga chini ya kiuno. Nimelipima, ni la 48. Nalirudisha. Nimetafuta mitumbani Malindi, ya mgongo mfupi sijaona.

Jibu: Nina moja la lita 38, mgongo wake unashuka hadi 40. Liko kwa fundi cherehani hapa Langoni, anabadilisha kichwa cha zipu, Alhamisi litakuwa tayari. Nitalipa konda wa basi la asubuhi alishushe Malindi. Lijaribu na unga ule ule, likikukaa nenda nalo Disemba, utanirudishia ukishuka mlimani.