Unataka kuchoma Botox usoni? Soma hii kabla hujalipia

Jamani siku hizi kila ukifungua simu kuna ofa ya Botox, mara choma paji la uso upewe macho bure, mara leo tu kesho bei inapanda, na wadada wanaenda (na wakaka pia, wapo wengi tu) bila kujua hata kinachoingia kwenye ngozi yao. Mi ni muuguzi kwenye kliniki ya ngozi hapa Dar, sindano hizi naziandaa mwenyewe, na sijaja kumkataza mtu, uso wako hela yako. Ila ukienda nenda unajua cha kuangalia, hasa kile kichupa cha dawa, maana shida nyingi kubwa za hii kitu zinaanzia kwenye kichupa au kwenye mkono ulioshika sindano.

Anza na kioo. Kaa dirishani penye mwanga, uso uwe mtupu bila mekapu, halafu kunja ndita kama umeudhiwa kisha achia. Mistari ikipotea ukiachia, ujue inaletwa na msuli, na hapo ndo kazi ya Botox yenyewe, inalegeza msuli. Ikibaki palepale hata uso ukitulia, ujue imeshachimba ngozi, sindano itaipunguza lakini usitegemee ifutike yote kwa mara moja. Fanya hivyohivyo kwa kupandisha nyusi juu uone paji la uso, kisha cheka kwa nguvu uone pembeni mwa macho. Hizo sehemu tatu ndo Botox inazifanyia kazi vizuri zaidi. Ile mistari miwili inayotoka puani kushukia mdomoni hapana, pale watu wengi wanajazwa fila, na fila ni dawa nyingine kabisa, nyingi zake ni asidi ya hayaluroniki, zinajaza palipobonyea hazilegezi msuli. Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuozesha ngozi au kupofusha jicho, kwa hiyo mtu akikwambia "tutaweka na fila kidogo humohumo" wakati hamkuongea hivyo, mwambie asubiri, hiyo ni ya siku nyingine na maelezo yake mengine.

Na kama unapaka mkorogo naomba uanze na hilo kwanza. Melanini yetu, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga na jua, ndo maana unakuta mama wa miaka 50 mashavu bado yamenyooka ila ndita tu ndo zimekaa. Ukipaka krimu zenye steroidi unaichuna ile kinga na ngozi inakuwa nyembamba, halafu unakuja kuhangaika na sindano juu ya ngozi inayozidi kuharibika kila asubuhi. Acha mkorogo kwa kusimamiwa na daktari wa ngozi, paka sanskrini kila siku, sindano baadaye.

Dawa yenyewe ni sumu ya botulinamu, ndiyo, ileile ya bakteria wanaoota kwenye chakula cha kopo kilichoharibika, ila hapa inatumika kidogo mno. Kawaida neva ikitaka msuli ujikunje inamwaga kemikali inaitwa asetilikolini, sasa hii dawa inazuia ile kemikali isimwagwe, msuli unabaki umetulia. Taratibu neva inarudi kazini, ndo maana baada ya miezi 3 au 4 ndita zinarudi. Ilianza kwenye macho, daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kwa watu wenye makengeza, na Marekani ikaruhusiwa kwa magonjwa ya macho mwaka 1989. Halafu kule Vancouver, Kanada, Jean Carruthers daktari wa macho akaona wagonjwa aliowachoma ndita zimelainika, akaungana na mumewe Alastair ambaye ni daktari wa ngozi wakaifanyia kazi, na mwaka 2002 ikaruhusiwa Marekani rasmi kwa ajili ya ndita.

Wasiochoma: mwenye mimba na anayenyonyesha, subiri tu. Mwenye ugonjwa wa neva na misuli kama mayasthenia gravisi, usiguse kabisa. Mwenye jipu, chunusi zenye usaha au maambukizi pale pale pa kuchomwa, pona kwanza. Mwenye aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe aseme mapema, maana Dysport, ambayo ni dawa ya aina hiihii yenye jina lingine, haimfai. Na dawa zote unazomeza au kuchomwa zitaje, pamoja na antibaiotiki kama jentamaisini, maana hizo zinaongeza nguvu ya hii sumu kwenye misuli. Kama dokta wako alikuandikia aspirini kwa ajili ya moyo usiiache kienyeji eti ili usivilie damu, muulize yeye. Pombe iache siku moja kabla.

Sasa mtu wa kukuchoma. Sio fundi wa kope, sio dada wa saluni mwenye cheti cha wikiendi, hata kama picha zake ni nzuri. Uliza jina kamili la daktari ukaliangalie kwenye rejesta, Tanzania bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar wana baraza lao, Kenya ni KMPDC, na kwa Kenya unaangalia kwenye simu yako tu ukiwa umekaa. Sisi tuna wataalamu wa ngozi waliosoma hapahapa, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha mambo ya ngozi kwa kanda nzima tangu 1992, kwa hiyo usiambiwe eti lazima uchomwe na mgeni aliyekuja wiki moja kukodi chumba cha hoteli na kesho kutwa anaondoka. Uso ukipinda utampata wapi huyo? Halafu yale mapati ya kuchomana sebuleni huku vinywaji vinazunguka, usiende. Na ile kalamu ya kusukuma fila bila sindano inayouzwa mtandaoni ujichome mwenyewe, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu mwaka 2021 wasiitumie, na mi nakwambia hivyohivyo.

Hapa kwenye kichupa naomba tukae kidogo. Mwambie dokta afungue mbele ya macho yako, hiyo sio dharau, dokta mzuri anafurahi. Cha kwanza kinatoka kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, sio kwenye droo wala kwenye pochi ya mtu. Soma boksi na lebo ya kichupa, namba ya toleo iwe ileile na tarehe ya kuisha ionekane. Botox ya usoni inakuja yuniti 50 au 100, yuniti ndo kipimo cha nguvu ya dawa. Mwaka 2024 Marekani ilikamatwa feki, boksi lake limeandikwa yuniti 150, na kampuni haijawahi kutengeneza ya 150, mtu angesoma tu boksi angejua. Wanawake 22 wa majimbo 11 waliugua baada ya kuchomwa sindano za feki au na watu wasio na vibali, nusu yao wakalazwa. Hiyo ni Marekani yenye ukaguzi wake wote. Kwetu dawa inatakiwa iwe imesajiliwa, mamlaka ya dawa TMDA kwa Tanzania, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board, muulize dokta akuonyeshe.

Ukikitazama kichupa kipya utadhani kitupu, usishtuke. Dawa ni unga mkavu umeshika chini kama ukungu, hauonekani vizuri. Dokta anachanganya na maji ya dripu yenye chumvi asilimia 0.9, na hapo ndo uangalie: sindano ikishatoboa kifuniko, kichupa chenyewe kinayavuta maji ndani bila mtu kusukuma, kwa sababu ndani hakuna hewa. Kisipovuta, kinatupwa, hakuna mjadala. Halafu kinazungushwa polepole, hakitikiswi. Kikishachanganywa, maelekezo ya Botox yanasema kitumike ndani ya masaa 24, kwa hiyo ukiambiwa "hii ilibaki ya mteja wa juzi" vaa viatu uondoke.

Uliza pia utachomwa yuniti ngapi, na iandikwe. Kichupa cha 100 kikiwekwa mililita 2.5 za maji, kila mililita 0.1 ya bomba ina yuniti 4. Dozi ya kawaida ya ndita ni yuniti 20, sindano 5 za yuniti 4 kila moja, pembeni mwa macho ni 24 kwa pande zote mbili, paji la uso 20. Wanaume misuli yao mara nyingi ni minene, dokta anaweza kupandisha. Ukiona bei ya sehemu nzima imeshuka sana kuliko kwingine, jiulize wamepunguza nini, mara nyingi ni yuniti au ubora. Na usilinganishe yuniti za Dysport na za Botox, vipimo vyao havifanani, ndita zilezile Dysport ni yuniti 50.

Kuchomwa kwenyewe ni dakika chache. Dokta atakwambia ukunje ndita aone msuli umekaa wapi, aweke alama kwa penseli nyeupe, asafishe, achome. Inauma kama kubanwa na kucha, macho yanaweza kutoa machozi hata kama hulii. Dokta anayejua hachomi karibu na mfupa wa nyusi, anapanda juu walau sentimita moja, kwa sababu dawa ikishuka pale ndo kope inalegea na jicho linabaki nusu. Ikitokea usilie, inarudi yenyewe kwa wiki kadhaa na kuna matone ya macho yanayosaidia kulinyanyua, ila mrudie dokta, usijitibu.

Siku hiyo usisugue uso, usilale, usiiname muda mrefu kwa masaa 4 hivi, na mazoezi, mvuke wa saluni na masaji ya uso viache mpaka kesho. Kilemba cha kubana na wigi lenye elastiki inayokaa kwenye paji la uso, viache pia. Kuna wateja wananong'ona kuuliza kuhusu sijda. Wala sio tatizo, panga miadi saa saba mchana ukishaswali Adhuhuri, masaa 4 yanaishia saa kumi na moja, Alasiri bado iko ndani ya wakati wake na Magharibi haijaingia, weka paji lako taratibu usilisugue kwenye mkeka.

Usitegemee kuona kitu jioni ile. Unaanza kuona siku ya 3 hivi, na uso unatulia kabisa wiki ya 2. Kwa hiyo bibi harusi, kama ni mara yako ya kwanza choma mwezi mzima kabla ya sendofu, sio wiki ya singo, ili wiki ya 2 ukirudi kukaguliwa dokta apate nafasi ya kurekebisha kama nyusi moja imepanda kuliko nyingine.

Kuvimba kidogo, kavilio kadogo ka damu, kichwa kuuma siku moja mbili, hivyo vinapita. Lakini ukianza kuona vitu viwili viwili, sauti inabadilika, kumeza kunakuwa kugumu, pumzi inakuwa nzito au mikono na miguu inaishiwa nguvu, hiyo sio ya kumtumia dokta meseji WhatsApp na kusubiri ajibu. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo useme umechomwa sumu ya botulinamu, maana ukisema tu "najisikia vibaya" watahangaika na malaria kwanza. Dalili zinaweza kuja masaa machache baadaye au hata wiki kadhaa, na kuna dawa ya kuikata ile sumu ila inasaidia ikiwahi, haiwezi kurudisha msuli ambao umeshalegea.

Kwa hiyo kabla hujatoka kliniki piga picha lebo ya kichupa, namba ya toleo isomeke, na andika tarehe, yuniti na sehemu ulizochomwa. Picha hiyo itamsaidia daktari wa dharura, na itakusaidia pia ukitaka kurudia, ambayo isiwe chini ya miezi 3 hata kama ndita zimewahi kurudi, maana ukichoma harakaharaka mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya hiyo dawa ikafika siku haikushiki tena.