Mahindi ya Kahe yasiishie tumboni mwa dumuzi

Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilifungua stoo yangu hapa Kahe, Kilimanjaro, nikakuta magunia sita kati ya kumi na manne yamegeuka vumbi la dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje. Nililia. Sasa nafanya hivi.

Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, maana kuvu wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu hukaa ardhini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu karibu 20 Dodoma na Manyara. Punje iliyooza usiisage, na kuku pia usimpe.

Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Mwenye kipima unyevu ahakikishe umeshuka hadi asilimia 13.5.

Pukuchua, pepeta, kisha tia kwenye mfuko wa kinga njaa: nailoni mbili ndani ya kiroba kimoja. Kwanza puliza kila nailoni uone kama inavuja. Shindilia mahindi, toa hewa, sokota shingo, ikunje, kaza kwa mpira. Funga nailoni ya pili kivyake, kiroba nacho kivyake. Dumuzi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa hata chembe. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue fungue. Panya wakitoboa, kazi yote imepotea.

Haya yote serikali inayajua. Upo Mkakati wa Taifa wa Usimamizi wa Mazao Baada ya Kuvuna, wa 2019 hadi 2029, na mafunzo kwa mkulima yamo. Lakini mkakati haubishi hodi. Mimi nilimfuata afisa ugani wa kata mwezi wa sita, kabla ya mavuno, nikamwomba aje atufundishe kinamama tukiwa pamoja. Alikuja.

Pesa ya turubai na mashine ya kupukuchulia msiikope kwa riba. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Andikeni katiba ya kikundi, fungueni akaunti, mwoneni afisa maendeleo ya jamii.

Na dalali akija na lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo, mwambie alete mizani.